Maji Yasiyo na Mlango: Asili ya Mafuriko katika Nchi ya Songwe

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Zambia, akiisha kupita Mlowo na Vwawa na kuuona mji wa Tunduma mbele yake, aghalabu hudhani kwamba amefika mahali ambapo maji hayana njia ya kumdhuru mwanadamu. Kwani mji umekaa juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hauna pwani wala ziwa, wala mto mkubwa hauupiti katikati, na upepo wake wa Juni huwatetemesha hata wenyeji. Dhana hiyo ingekuwa ya haki lau isingalikuwa kwamba masika yakishika sawasawa, baina ya Novemba na Aprili, maji huingia madukani.

Asubuhi moja ya Februari, mvua ya usiku ikiwa imekwisha kukatika, nilimkuta mama mmoja muuza vitenge mbele ya duka lake karibu na barabara kuu. Vitenge vyake alikuwa amevianika juu ya kamba ya katani, vile vilivyokuwa rafu ya chini buluu yake imechujuka ikaingia katika njano, na mwenyewe ameinama akiteka tope jekundu kwa kopo la rangi na kulimimina ndooni. Nikampa pole. "Tumeshapoa, baba," akajibu bila ya kuinuka. Nikamwuliza ni mto gani uliofurika. Hapo akainua uso, akaniangalia kama aangaliwavyo mgeni asiyejua alipo. "Mto? Hapa hatuna mto, baba. Haya ni maji ya barabarani."

Desturi yetu, watu wa pwani na wa bara, ni kuitazama mbingu kila mafuriko yatokeapo. Wanazuoni hutukumbusha gharika ya Nabii Nuhu, wakulima huhesabu siku za mvua kwa vidole, na wataalamu wa hali ya hewa hutaja El Niño, jina ambalo tangu mvua za 1997 na 1998 limezoeleka vinywani mwetu kama jina la jirani mkorofi. Wote hao wana sehemu yao ya kweli. Lakini lugha yetu yenyewe ilikwisha kutoa fununu nyingine, kwa kuwa kufurika ni jambo la mtungi, la chungu na la kisima. Na mtungi ukifurika, mwenye akili huuliza ni maji kiasi gani yaliyotiwa, kisha huuliza mtungi una nafasi gani, una tundu au hauna, na ni nani aliyejaza mchanga ndani yake. Katika insha hii nataka kuuangalia mtungi.

Mkoa wa Songwe ni mchanga kwa umri wa serikali, maana ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ukapewa Vwawa kuwa makao makuu na wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe kuwa viungo vyake. Bali umbo la nchi ni la kale mno, na hata mpaka wake wa kusini ulichorwa kwa kuyafuata maji. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana sahihi yale mapatano mashuhuri yaliyoiweka Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza na kuwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland. Mabwana waliokaa mezani huko Ulaya, ambao Unyamwanga na Unyiha kwao vilikuwa ni majina kwenye karatasi, walihitaji alama ya kuigawa nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, nao wakaandika kwamba mpaka uanzie ukingo wa kaskazini wa mlango wa Mto Songwe, upande pamoja na mto huo, kisha uukamate mgongo wa bonde la Kongo na kuufuata kuelekea magharibi hadi longitudo ya 32. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili, upande wa Uingereza ukiongozwa na Kapteni Charles Close, ilikuja kuupima mstari huo kwa miguu na kusimika alama, na mwaka 1901 ukathibitishwa Berlin.

Tunduma na jirani yake Nakonde, ambako leo malori hupanga foleni ya kilomita nyingi kungojea forodha, ilikua juu ya mgongo huo. Hapo mvua moja, ya wingu moja, hutengana kama warithi baada ya matanga. Sehemu ya kusini huteremka kuutafuta Chambeshi, na kwa njia ya Bangweulu na Mto Kongo huishia Bahari ya Atlantiki. Sehemu ya mashariki huingia Mto Songwe wa Ileje, ikafika Ziwa Nyasa, ikatoka kwa Shire na Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Na sehemu ya kaskazini huingia Momba, ambao hutokea upande wa Zambia kwa jina la Saisi, au huingia ule Songwe wa pili upitao kati ya Mbozi na Mbeya (nchi hii ina mito miwili ya jina moja, na wageni wengi wamepotea kwa sababu hiyo), ikashuka kwa kasi hadi Ziwa Rukwa. Warithi wawili wa kwanza wana bahari ya kwendea. Wa tatu hana. Ziwa Rukwa halina mto utokao, na maji yaliyoingia humo hayana njia ya kurudi ila kwa jua.

Basi asili ya mafuriko mengi ya nchi hii inaanzia hapo. Ziwa lililo na mlango hujirekebisha lenyewe: likijaa, hutoa zaidi, likipungua, hutoa kidogo. Rukwa, lililolala katika ufa wa magharibi, takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, kati ya ukuta wa Ufipa na nyanda za Bungu, likiongezewa maji hupanuka tu, na kadiri linavyopanuka ndivyo jua linavyopata uwanja mpana wa kulinywa, mpaka mapato na matumizi yalingane tena. Na kwa kuwa sakafu ya bonde ni bapa kama sinia, kuongezeka kwa kimo ambacho mtu mzima angekivuka bila ya kulowesha magoti kwaweza kufunika mwendo wa saa nzima wa mbuga na mashamba. Katika zama za kale, yapata miaka elfu kumi iliyopita, nchi ilipokuwa na mvua nyingi kupita sasa, ziwa lilipanda mita 180 hivi juu ya kimo chake cha leo, likapata mlango upande wa Karema na kumwagikia Tanganyika; fukwe zake za wakati huo zingalipo vilimani, kavu kabisa.

Wazungu wa kwanza walioliona walitofautiana sana katika habari zao, hata mtu angedhani kwamba baadhi yao walisema uongo. Joseph Thomson, aliyeliona kutoka milimani mwaka 1880 alipokuwa akirudi pwani kutoka Tanganyika, aliliita Leopold na kulichora kuwa ziwa lenye heshima. Waliofuata baada ya miaka isiyotimia ishirini walikuta maji machache kusini na nyasi kavu kaskazini. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kama kilomita 48 tu. Mwaka 1939 ulikuwa kilomita 128, na upana kilomita 37. Leo, hutajwa kuwa na kilomita 180. Hakuna kati ya hao aliyekosea kupima. Kila mmoja aliliona ziwa katika siku yake, naye akaichukua siku hiyo kuwa ndiyo tabia yake ya kudumu. Kosa hilo hilo ndilo wanalolifanya wajenzi wengi, na nitarudi kulieleza.

Wenyeji walikuwa na maarifa zaidi, na ushahidi wake uko Ivuna, katika wilaya ya Momba, kusini ya ziwa. Hapo pana chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamekuwa wakipika chumvi tangu karne ya 13 kwa uchache, kama walivyobainisha Brian Fagan na John Yellen waliochimba mahali hapo na kutangaza matokeo yao mwaka 1968. Kazi yenyewe ni ya subira. Udongo wa juu hukwanguliwa jua likiisha kuutoa weupe, hutiwa katika chombo kilichotobolewa chini, humiminiwa maji, na maji yadondokayo, mazito na machungu, huchemshwa juu ya moto mpaka chumvi ibaki chunguni. Linalotuhusu hapa ni kwamba kazi hii haifanyiki masika, kwa sababu masika uwanja wenyewe u chini ya maji. Maji yakipungua, watu huteremka na vyungu vyao. Mvua zikikaribia, hupanda. Waliyaruhusu maji yatumie sehemu yake ya mwaka, nao wakatumia sehemu yao, kama watu wawili wenye mtumbwi mmoja. Mpishi wa chumvi wa zamani angalishangaa kumsikia mtu akiyaita mafuriko ya Ivuna kuwa ni msiba. Kwake yeye yalikuwa ni bawabu aliyefunga na kufungua soko.

Naomba ruhusa nitoke njiani kidogo. Tarehe 16 Desemba 1938, mvua zikiwa zimeanza, kimondo kilianguka Ivuna. Ni kidogo sana kikilinganishwa na kile kimondo cha chuma cha Mbozi kilicho maarufu kwa watalii, kwani vipande vyake vilivyookotwa havikufika kilo moja, lakini ni cha namna iliyo adimu mno duniani, na wanasayansi waliokichunguza walikuta maji yamefungamana na madini yake. Hata jiwe lililoshukia Ivuna, basi, lilikuja na maji yake.

Katika miaka hiyo hiyo serikali ya Waingereza iliitazama mbuga ya Rukwa kwa jicho jingine. Nzige wekundu, walioanza kuenea mwaka 1930 na kuila sehemu kubwa ya Afrika ya kusini ya ikweta hadi 1944, iligunduliwa kwamba chimbuko lao lilikuwa katika mbuga chache tu zenye nyasi ndefu na maji ya msimu, na Rukwa ilikuwa mojawapo. Mwaka 1949 ikaundwa idara ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, na maofisa wake wakawa wakilipima ziwa na nyasi zake mwaka baada ya mwaka. Kisha ikaja mvua ya 1961.

Wazee wengi huikumbuka, maana ilikuja pamoja na Uhuru. Tanganyika ilipoipandisha bendera yake tarehe 9 Desemba 1961, Afrika Mashariki nzima ilikuwa inalowa, kwa kuwa maji ya Bahari ya Hindi ya upande wetu yalikuwa yamepata joto kupita ya upande wa Sumatra, na pepo zikayaleta mawingu huku. Na mvua za miaka iliyofuata hazikutoa nafasi ya kukauka. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili hadi 1964. Rukwa nalo likazifunika mbuga zake za kaskazini, likawazamishia nzige mazalio yao, na kazi iliyowashinda watu kwa dawa na ndege ikafanywa na ziwa bila ya gharama. Lakini mbuga ile ile ndiyo iliyokuwa malisho, na kingo zile zile ndizo zilizokuwa mashamba. Neema na nakama ziliingia kwa mlango mmoja.

Hata hivyo, kumtupia Rukwa lawama zote ni dhuluma, kwani ziwa hupokea tu linacholetewa. Juu, katika nyanda za Mbozi, ardhi ni nyekundu, laini na yenye rutuba, na Wanyiha wa zamani, waliosifika kwa kilimo na kwa uhunzi wa chuma, waliilima kwa namna iliyowafaa watu wachache: majani na udongo wake vilikusanywa marundo, vikaachwa kukauka, vikachomwa, shamba likalimwa misimu michache, kisha likapumzishwa muda mrefu. Jirani zao Wafipa walifukia majani ndani ya matuta ya duara, na tuta la namna hiyo hulizuia tone la mvua lisikimbie. Ikaja kahawa na mahindi ya kuuza, watu wakaongezeka, na muda wa kupumzisha shamba ukafupika hadi ukatoweka. Upande wa Bungu, dhahabu ya Lupa, iliyogunduliwa 1922, iliwaleta wachimbaji wengi katika miaka ya 1930, nao walihitaji miti ya kutegemezea mashimo na kuni za kupikia. Mkaa umeendeleza kazi hiyo hadi leo. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wenye makundi makubwa wamekuwa wakishuka katika bonde, na njia ya ng'ombe iteremkayo mlima, mvua mbili tatu zikiipitia, huwa mfereji, na mfereji huwa korongo.

Ninasema haya bila ya kumshitaki mkulima wala mfugaji, maana kila mmoja alitafuta riziki yake kwa njia iliyokuwa wazi mbele yake. Ninalitaja tendo lenyewe kwa kuwa linaeleza jinsi mto unavyofurika hata katika mwaka wa mvua ya kawaida. Momba huteremka kutoka nyanda za juu ukiwa na nguvu ya kuchukua mchanga, changarawe na magogo. Ufikapo Kamsamba, mahali mteremko unapokwisha na uwanda unapoanza, nguvu huuishia kama hamali aliyeshusha mzigo, mchanga hutua, sakafu ya mto huinuka mwaka hata mwaka, na siku moja mto hujikuta u juu kuliko mashamba ya kando yake. Siku hiyo hauhitaji mvua kubwa. Huhitaji tundu dogo katika ukingo.

Ndugu yake wa kusini, Songwe wa Ileje, hufanya vivyo hivyo akifika tambarare za Kyela na Karonga, na kwa kuwa mabwana wa 1890 walimfanya mpaka, tabia yake imekuwa ni mambo ya nchi mbili. Akihama mkondo, mtu aliyelala Tanzania huamka shamba lake liko ng'ambo, katika Malawi, bila ya yeye kuvuka chochote. Tanzania na Malawi zimeshughulika na mto huo kwa miaka mingi, zikapanga kuuimarisha mkondo na kujenga mabwawa ya kuzuia mafuriko na kutoa umeme, na mwaka 2017 zilitiliana mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde lake. Ziwa Nyasa lenyewe liliwahi kutoa funzo la mlango: kati ya 1915 na 1935 maji hayakutoka kwenda Shire, kwa kuwa mchanga na matete vilikuwa vimeziba kinywa cha mto, na ziwa likapanda mita kadhaa, likazamisha fukwe. Ziwa lenye mlango lilikuwa kwa miaka ishirini kama Rukwa.

Sasa nirudi Tunduma, kwa yule mama na vitenge vyake.

Mji huu haukuwa mji. Ulikuwa kituo juu ya mgongo wa nchi, penye baridi na nyasi, na mvua iliyonyesha hapo ilinywewa na udongo, ikatoka polepole chini vilimani kwa vijito. Kisha, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa uongo, njia ya kusini ya Zambia ikawa mashakani, na mafuta ya nchi hiyo yakaanza kuletwa kwa mapipa juu ya malori kutoka Dar es Salaam, katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, ambayo madereva waliipa jina la Jehanamu. Barabara ikatiwa lami, bomba la mafuta likakamilika 1968, na reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kuanzia 1970, ikaanza kazi rasmi 1976. Kila kimoja kati ya hivyo kililetwa na haja ya kweli, na sina ila shukrani kwacho. Lakini barabara na reli hupita juu ya matuta, na tuta ni ukuta, na maji yaliyozoea kuteremka popote sasa yalipaswa kujikusanya na kupita katika makalavati machache, yaliyopimwa kwa ajili ya nchi ya nyasi.

Nchi ya nyasi haipo tena. Sensa ya 2012 ilikuta watu wasiofika laki moja katika Tunduma. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya laki mbili. Kila nyumba ni bati, na bati halinywi. Mvua iliyokuwa ikichukua nusu siku kufika bondeni, sasa hutiririka kutoka paani hadi uani, kutoka uani hadi kichochoroni, kutoka kichochoroni hadi barabarani, kabla ya mtu kumaliza kikombe cha chai. Na mtaro wa barabara, ambao ndio mto pekee ambao mji umejichimbia, mara nyingi hukutwa umejaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nayo imepungua kweli, lakini chupa za maji na za soda zingaliko, pamoja na maganda ya miwa, matambara, na ule mchanga unaomwagwa kando ya barabara na mjenzi anayesema atauondoa kesho. Sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Haikuwaza, na pengine isingeweza kuwaza, mji ambao mto wake ni barabara.

Hapa ndipo kosa la wapimaji wa ziwa linaporudi. Mtu anayenunua kiwanja mwezi wa Agosti hukiona kikavu, hukikuta kimeota majani mafupi mazuri, hulipa fedha zake mbele ya mashahidi, hujenga, na hapati habari kwamba amenunua mkondo mpaka Januari. Muuzaji alijua. Mjumbe naye, kama ni mwenyeji, huenda alijua. Kamsamba na Ivuna hali ni hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi: ziwa likirudi nyuma kwa miaka kumi au ishirini, vijana hulima na kujenga mahali ambapo babu zao walivulia samaki, na lirejeapo huambiwa na kila mtu kwamba ni maafa yasiyopata kutokea.

Yalipata kutokea. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati wa mvua za 1961 sasa amevuka sabini, naye anaweza kukuonesha mwembe au kichuguu ambapo maji yalifika, jambo ambalo halimo katika ramani yoyote ya viwanja. Nawaomba wenye mamlaka ya kugawa ardhi katika Tunduma, Momba na Songwe, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, wawachukue wazee hao katika gari pamoja na mpima ardhi, waende Kamsamba, Ivuna na mabonde ya Tunduma, wasimike bikoni kila mahali mzee atakaponyosha fimbo yake. Waende kiangazi hiki, kabla ya Novemba, na kabla wazee hawajatutoka.